Kuondoa Tashwishi

Harufu ya mkate wa kumimina hainipiti hivi hivi mpaka leo. Ramadhani ikifika, nikiwa napita vichochoro vya Old Kampala alasiri, na mtu mahali fulani nyuma ya ukuta amepanga makaa juu ya kifuniko cha sufuria ili mkate uive juu na chini kwa pamoja, ile harufu ya mchele uliosagwa, nazi na iliki hunisimamisha kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Wengine huniambia kwamba ni harufu ya sikukuu, harufu ya mama zao, na nafsi zao huchangamka. Mimi moyo huzama. Nilikuwa na miaka tisa mwaka ule harufu hiyo ilipoharibika, na niliyeiharibu ni mimi.

Tulikaa katika nyumba moja ya kale ya Wahindi, chini kidogo ya kilima, wakati msikiti mkubwa wa juu ulikuwa bado haujakamilika na watoto tuliutazama kama jambo ambalo watu wazima walilianza wakalisahau. Mbele ya nyumba kulikuwa na duka la vitambaa la mjomba. Nyuma kulikuwa na ua wenye bomba moja, kamba za nguo, na vyumba vilivyopangishwa watu mbalimbali. Bibi yangu, mama wa mama yangu, ndiye aliyekuwa serikali ya ua ule. Babu zake walikuja kutoka pwani na misafara ya biashara wakaoa hapa wakazikwa hapa, na ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuiona bahari, Kiswahili chake alikitunza kama vyombo vya kabati, vile vinavyotolewa kwa mgeni tu. Sokoni aliongea Kiganda kama kila mtu. Akirudi nyumbani, akivua viatu mlangoni, alivua na Kiganda chake pia. Mama yangu alikuwa kazini Jinja na alikuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo mimi nililelewa na Bibi, na maneno yangu mengi ni yake.

Moja ya maneno hayo ni tashwishi. Siku hizi nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa mjini, na kila mwaka mwanafunzi mmoja huniletea gazeti la Kenya au kipande cha hotuba alichokinakili akiniuliza maana yake, kwa kuwa ameona mahali "bila tashwishi yoyote." Namwambia ni shaka, wasiwasi, mashaka ya moyo, ndivyo kamusi inavyosema, na anaandika, anaenda zake. Lakini hilo analoliona gazetini ni ganda tu, pambo la kuanzia sentensi. Kwa Bibi neno hili lilikuwa na kazi. Alikuwa na shaka kama mvua ingenyesha, na alikuwa na wasiwasi mjomba akichelewa. Tashwishi hakuitumia kwa mvua wala kwa safari. Tashwishi ilikuwa ya mtu kwa mtu: ile hali ya kumtazama mwenzako mikononi kabla ya kumtazama usoni. Alisema tashwishi huingia, haizaliwi. Alisema mtu hapaswi kulaumiwa kwa kuwa nayo, maana nani ajuaye lililo moyoni mwa mwenziwe. Anayelaumiwa ni yule aliyeweza kuiondoa asiiondoe. Sijui kama pwani walilitumia hivyo. Bibi mwenyewe sina uhakika kama alijua. Lakini katika ua wetu ndivyo lilivyokuwa, na hata wapangaji waliotoka kaskazini, ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kambini, walilijua neno hili moja la kabati.

Kuiondoa kulikuwa na utaratibu. Chakula kikitoka nyumba hii kwenda nyumba ile, aliyekileta ndiye aliyeanza kukila, mbele ya mwenye kupokea. Tonge moja lilitosha. Sahani ilifunikwa kwa kawa, kile kifuniko cha ukili chenye ncha juu. Mpokeaji alifunua, akamega, akampa mletaji, mletaji akatia kinywani akameza, ndipo watu wakacheka na kuulizana habari za kutwa. Hakuna aliyesema neno sumu. Ilikuwa adabu, kama kubisha hodi. Na sahani haikurudi tupu kamwe: ilirudi na chochote, hata ndimu mbili, hata chumvi, ili kusema kwamba tumekula na tungali wazima. Bibi aliumwa miguu, magoti yake yalikuwa yamevimba tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo sahani zake nilizipeleka mimi, na tonge la kuondoa tashwishi nililila mimi. Aliniita ulimi wa nyumba. Mwezi wa Ramadhani kazi ilikuwa ile ile, kwa sababu sahani zilikwenda baada ya adhana ya magharibi, na hata zikienda mapema, mimi nilikuwa bado sijafikia umri wa kufunga. Sheria yake ilikuwa fupi: asiyeonja asilete.

Sahani nyingi zilikwenda kwa Mama Aber. Alikuwa Mkristo kutoka kaskazini, mke wa polisi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na walipanga chumba cha kona kwa sababu kambi ilikuwa imejaa. Walipofika, wapangaji wengine waliingiza nguo zao ndani kutoka kwenye kamba. Bibi alimtuma mtu apeleke uji. Kuanzia hapo wanawake wale wawili walishikana kwa namna ambayo sikuielewa nikiwa mtoto. Leo nadhani ilikuwa kwamba wote wawili walikuwa wageni wa muda mrefu katika mji usiowahesabu. Mama Aber alimkanda Bibi magoti kwa mafuta ya shea kutoka kwao. Bibi alimfundisha kufuma kawa. Sahani ya Mama Aber ilirudi na odii, ule ufuta uliosagwa pamoja na karanga ukawa mzito kama siagi, na Bibi aliula kwa kidole, akisema kama peponi hakuna odii basi kuna kasoro. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, ndivyo isemwavyo, na Bibi aliisema methali hiyo mbele ya ndugu zake wa mbali bila haya.

Mume wa Mama Aber ua mzima ulimwita Afande. Sikumwogopa. Alikuwa mtu wa maneno machache aliyepiga pasi sare yake mwenyewe na kumruhusu binti yake Aber, rika langu, kumchana nywele kwa kitana. Lakini mwaka ule alibadilika. Mwenzake wa kazi alikunywa bia na marafiki katika baa moja, akaanguka, akafa kabla ya kufika hospitali, na Afande ndiye aliyembeba. Alimsimulia Bibi habari hiyo mwenyewe, amesimama karibu na bomba, mikono nyuma. Kwao kulikuwa na vita, na hapa mjini watu waliosikia jina lake walimtazama mara mbili. Na waliotoka kwao, wakiona sare yake, walimtazama mara tatu. Tangu msiba ule aliacha kula nje. Aliacha kula hata kwa binamu yake. Alikula chakula cha mkewe, na chakula cha Bibi. "Nyumba mbili tu," alimwambia Bibi, "Kampala nzima." Bibi aliingia ndani akajifuta macho kwa ushungi, akaniambia kwamba kuaminiwa ni deni.

Nayaeleza haya ili ijulikane niliharibu nini.

Ramadhani ile niliamua kufunga. Hakuna aliyeniambia. Mwalimu wetu wa madrasa alikuwa ametufundisha kwamba saumu ni ibada kati ya mja na Mola wake, na anayeitangaza ameila thawabu yake mwenyewe. Nikaichukulia kwa herufi zake zote, kama watoto wafanyavyo. Nilipanga kufunga siku moja nzima bila mtu kujua, kisha wakati wa futari, adhana ikiisha, niombe tende ya kwanza na kusema kwa sauti ya kawaida kwamba na mimi ninafuturu. Niliuona uso wa Bibi kabla haujatokea. Asubuhi alinipa uji, nikaumwaga kwenye mfereji nyuma ya choo. Mchana alinipa ndizi na mchuzi, nikampa paka. Kufikia saa tisa ulimi ulikuwa umenigandamana na kaakaa na kichwa kilinigonga, lakini nilikuwa na fahari ambayo sijaipata tena, hata siku ya kupewa shahada.

Siku hiyo hiyo Afande alipewa amri ya kwenda kaskazini. Lori lingeondoka kituoni kabla ya jua kuchwa. Bibi aliposikia aliacha kila kitu akamimina mkate mkubwa, kwa sababu mkate wa kumimina haumwagiki wala hauchachi njiani, na mtu anaweza kuula kwa mkono mmoja ndani ya lori. Yeye alikuwa amefunga, hakuweza kuonja hata sukari. Aliupindua sahanini ungali moto, akaufunika kwa kawa mpya, ile ya kwanza ambayo Mama Aber aliifuma peke yake bila kuharibu. Akaniambia, "Zuhura, mwanangu, kimbia kabla hajaondoka. Mwambie ni wa njiani. Na uonje vizuri, usidokoe kama ndege."

Nilitoka na sahani nikiwa nimeshaelewa. Kutoka mlango wetu hadi chumba cha kona ni hatua ishirini na kitu, na katika hatua hizo nilifikiri mambo yote isipokuwa lile rahisi, la kurudi na kumwambia Bibi nimefunga. Saa moja na nusu tu ilikuwa imebaki. Nilijiambia labda leo kwa haraka hawatakumbuka.

Walikumbuka. Mama Aber alifunua kawa, akaitazama kazi ya mikono yake akatabasamu, akakata kipande kikubwa, akanipa. Afande alikuwa ameketi kitandani anafunga kamba za buti. Begi lilikuwa mlangoni. Nilikishika kile kipande, kina moto, mafuta ya nazi yananiingia vidoleni, na mate ambayo nilidhani yamekauka yakajaa kinywani.

"Kula, mwanangu," Mama Aber akasema. "Afande iko na haraka."

Nikasema nimeshiba. Akasema hata kidogo tu, kidogo ya kuondoa tashwishi. Nikatikisa kichwa. Afande aliacha kamba za buti. Hakupandisha sauti, aliniuliza kama alivyowauliza watu kituoni, nadhani, polepole na kwa upole wa kutisha.

"Nani alikuambia usikule?"

"Hakuna mtu."

"Chakula ya nyumbani kwenu. Wewe mwenyewe nakataa?"

Hapo ningesema. Neno moja tu, nimefunga, na wangecheka wote wawili, na Mama Aber angenibeba. Lakini nilikuwa nimebakiza saa moja na nusu, na nilikuwa na miaka tisa, na nilidhani Mungu ananitazama kuona kama nitatangaza. Nikaanza kulia. Mtoto anayelia mbele ya chakula cha kwao akikataa kukionja: sasa nimekuwa mtu mzima, na nimejaribu mara nyingi kukaa pale kitandani mahali pa Afande, buti moja wazi, lori linangoja, rafiki yangu amezikwa majuzi, na nimwone mtoto huyo. Sioni kingine angeweza kufikiri. Alimtazama mkewe akasema neno moja la kwao. Mimi nilikimbia na kipande mkononi, nikakitupa kwenye mfereji ule ule uliokunywa uji wangu.

Mama Aber aliirudisha sahani mwenyewe. Aliiweka kizingitini, kawa juu yake, akasimama kwa muda kama mtu aliyesahau alilolijia. "Bibi, samahani," akasema. "Afande nasema hana njaa." Kisha akaondoka upesi, kwa sababu mume wake alikuwa anatoka na alipaswa kumsindikiza. Bibi alifunua. Sahani haikurudi tupu wala haikurudi na odii. Ilirudi na mkate wetu wenyewe, na pengo moja mahali kipande kilipokatwa. Sikuwahi kuona sahani ikirudi hivyo kabla ya siku hiyo. Bibi aliliangalia lile pengo kwa muda mrefu.

"Ulionja?" akaniuliza.

"Nilionja, Bibi."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu imekuwa ndefu, na nilianza kuitembea pale. Ningesema sikuonja, Bibi angevaa viatu vyake, na kwa magoti yake mabovu angekwenda hadi kituoni akaula ule mkate wenyewe mbele ya lori zima, saumu iwe imevunjika akailipe baadaye. Namjua. Lakini niliuona uso wake nikaogopa, na pengo la mkate likanishuhudia uongo. Kwa hiyo alichojua Bibi ni hiki: kwamba tashwishi iliondolewa kwa utaratibu wote, mtoto akala, akameza, akasimama mzima mbele yao, na bado watu wale wakamrudishia chakula. Hiyo haikuwa tena tashwishi inayoingia kama upepo. Hiyo ilikuwa ya kukusudia. Adhana iliposomwa nilipewa tende kama watoto wote wanavyopewa, na sikuweza kusema kwamba ninafuturu, kwa sababu kusema hivyo kungefichua lile lingine. Saumu yangu ya kwanza haikujulikana na mtu yeyote. Mwalimu angefurahi.

Sikukuu ya Idi Mama Aber alituma odii. Aber aliileta, akala kijiko cha kwanza mbele yetu, akatabasamu na ufuta kwenye meno. Bibi alishukuru kwa maneno mazuri kabisa, maneno ya kabati. Jioni aliosha bakuli, akalikausha kwa kitambaa, akanipa nilirudishe likiwa tupu. Nilimwambia Bibi, hakuna kitu ndani. Akasema anajua. Mama Aber alilipokea, akatazama ndani, akanitazama mimi, na akanishukuru. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya cha ua wetu hakikuwa na mshindo wowote. Watu waliamkiana, walichota maji, waliazimana kamba. Ugomvi ungekuwa nafuu, maana ugomvi una wasuluhishi. Wasemao penye wazee haliharibiki neno hawakuwahi kukaa penye mzee mwenye kiburi na mtoto mwoga.

Afande hakurudi. Wengine walisema risasi, wengine walisema maradhi. Karatasi iliyoletwa ilikuwa fupi. Wanawake wa kaskazini walikuja kutoka Naguru na Ntinda wakaujaza ua kwa kilio, na Bibi alijikokota hadi chumba cha kona akaketi kwenye mkeka pamoja nao. Nilifurahi nikidhani yamekwisha. Chakula kilipoandaliwa, ndugu wa Mama Aber alimletea Bibi sahani akala tonge la kwanza mbele yake kama ilivyo ada ya ua ule. Bibi aliisogeza kando kwa vidole viwili, akasema amefunga. Ilikuwa siku ya Jumanne, mbali na Ramadhani, na asubuhi nilimwona akinywa chai. Mama Aber alikuwa pembeni, kichwa kimefungwa kitambaa, na aliyaona yote.

Baada ya wiki chache walihamia Luzira, kwa kaka yake aliyekuwa askari wa magereza na mwenye nafasi kwenye nyumba za wafanyakazi. Alikuja kuaga. Bibi alikuwa kwenye sala ya alasiri, na alasiri ile ilikuwa ndefu kuliko tarawehe. Mama Aber alisimama nje ya mlango viatu mkononi, mwanawe mchanga mgongoni, Aber amemshika sketi. Nilisimama upande wa ndani, naona miguu ya Bibi imekunjwa, naisikia pikapu ikipiga honi barabarani. Bibi alitoa salamu ya kumaliza sala pikapu ilipokuwa imeshashuka mteremko. Hakuniuliza nani alikuja.

Aliishi miaka kumi zaidi. Nilikuwa na nafasi nyingi, na nazihesabu. Iliyo kubwa ni ile ya mwaka wake wa mwisho, nikiwa nimetoka chuoni kwa likizo, namkanda magoti. Alikuwa amefumba macho nikadhani amelala. Akasema, "Mimi na yule mama hatukuwa na tashwishi. Sijui iliingia kwa mlango gani." Mikono yangu ilikuwa juu ya goti lake. Mlango niliujua. Niliendelea kukanda. Nilijiambia ni mgonjwa, nisimsumbue, kwa nini nifukue ya kale. Mtu haishiwi sababu za kunyamaza. Majuto ni mjukuu, na safari hii mjukuu alikuwa mimi mwenyewe, naye alikuwa pale pale magotini pake. Tulimzika Ijumaa.

Mwaka jana nilikwenda soko la Owino kutafuta mashuka ya mtumba. Katika kile kichochoro chembamba cha mashuka na mapazia, mwanamke mmoja mzee mrefu alikuwa amekaa juu ya robota akikunja foronya, na kabla sijauona uso nikaitambua sauti. Nilimwamkia. Nilipomtajia ua wetu na jina langu aliweka foronya chini, akanishika mikono yote miwili, akanikalisha kando yake. Aliuliza habari za mama, za mjomba, za duka. Bibi hakumuuliza. Nadhani alihesabu miaka akajua. Nilikuwa nimeyakariri maneno haya kwa zaidi ya miaka ishirini, na yalipotoka yalitoka vibaya, bila mpangilio, katikati ya watu wanaobishana bei: kwamba siku ile ya mkate nilikuwa nimefunga, kwamba sikuonja, kwamba nilimwambia Bibi nimeonja.

Aliniachia mikono. Kisha akasema, "Kama ulifunga, mimi nilijua."

Sikumwelewa.

"Midomo yako ilikuwa nyeupe. Mimi nalea watoto, naona. Nilimwambia Afande, huyu mtoto amefunga. Yeye akasema, mtoto wa miaka tisa hapana funga. Alikuwa naenda vita. Mimi siwezi bishana na mume siku ya kuondoka." Alichukua foronya akaikunja upya, ingawa ilikuwa imekunjika. "Mimi nikasema, Bibi atakuja. Ataniuliza. Bibi alikuwa nauliza kila kitu. Nikangoja. Akarudisha bakuli yangu tupu. Akakataa chakula ya matanga. Nikasema, basi. Hawa watu walikuwa wanatuchekea tu. Sisi watu wa bunduki, watu wa kaskazini, wanatuogopa ndani ya roho."

Nikamwambia haikuwa hivyo. Nikamwambia Bibi alikufa akiamini kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeogopwa. Nilidhani namletea nafuu. Uso wake ulilegea, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyozeeka.

"Aber iko Kireka," akasema. "Ako na watoto watatu. Majirani yake ni Waislamu, watu wazuri. Idi wanaleta chakula. Watoto wanakatazwa kukula, Aber anamwaga. Mimi ndiyo nilimfundisha. Tangu mtoto nilimwambia, mtu wa Old Kampala akikuletea chakula, shukuru, halafu mwaga." Akanitazama. "Sasa nitamwambia nini?"

Nilinunua shuka ambalo sikulihitaji, akalifunga kwa gazeti, tukaagana vizuri.

Ule ua sasa ni jengo la orofa nne lenye kamera na mlinzi, na mimi naishi si mbali nalo, orofa ya tatu, mlango wa chuma. Chakula kikija kinakuja na bodaboda, kimefungwa kwenye boksi lenye karatasi ya gundi ili ijulikane kama kimefunguliwa njiani. Naikagua karatasi hiyo kabla ya kulipa, na kijana wa bodaboda ananingoja niikague bila kukasirika. Halijui jina langu, wala mimi silijui lake. Nimesikia watu wakisema zamani tuliaminiana. Mimi sikumbuki hivyo. Zamani tulikuwa na tashwishi kama sasa, pengine zaidi, ila tulijua ni kitu cha aibu na tulijua dawa yake, na dawa ilikuwa mtu kusimama mbele yako na kula. Wanafunzi wangu wakiniuliza maana ya neno nawapa ile ya kamusi. Kireka kuna watoto watatu ambao hawajawahi kulisikia, na kila Idi wanasimama dirishani wakimtazama mama yao akimwaga chakula cha watu wazuri.